Wataalamu Wawili na Bega Langu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na mzigo wa leo ni piano,
Weissmuth ya kabla ya vita vya kwanza,
ghorofa ya tatu, Govanhill, Glasgow,
Februari, vidato vya mawe vimelika katikati
kama mche wa sabuni.

Dougal yuko juu, kashika mikanda.
Mimi niko chini, na chini ndiko uzito unakokaa.
Marehemu Bi Effie Tennant ameiachia shule ya mtaa.
Shule, kabla ya kuipokea, imeita wataalamu,
na wataalamu, hata hatujafika kona ya kwanza ya ngazi,
wametusimamisha.

"Shikeni hapo hapo," anasema Bwana Galbraith,
"niitazame mgongo."

Miaka arubaini anakaza nyuzi za piano;
sikio lake la kushoto, anajigamba, lina bima.
"Weissmuth ni jina la kupambia sebule.
Walinunua mbao mbichi wakazipaka vanishi nzuri.
Ubao wa sauti umepasuka, vigingi vimelegea.
Shule ichukue Hoshigawa, mpya, kutoka kiwandani,
ikae kwenye sauti yake kama askari kwenye lindo."

"Na iimbe kama askari," anajibu Senga Rennie.
Huyu hazikazi tu, huzifumua na kuziunda upya;
kidole gumba chake kina kovu la waya.
"Hoshigawa kumi ni sauti moja, Murdo.
Weissmuth mbili hazijawahi kufanana.
Ufa si ugonjwa, ni kunyanzi.
Ipe nyundo mpya na miezi miwili—"

"Miezi miwili na pauni elfu nne!"

"Elfu tatu."

Mimi nahesabu vidato.
Arubaini na moja hadi mlango wa barabarani.
Jasho limeingia jicho la kulia, sina mkono wa kulifuta.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na hakuna aliyeniuliza, ila rai ninayo:
Hoshigawa, mishikio iko pale mkono unapoitafuta;
aliyeiunda alimkumbuka mtu wa kuihamisha.
Pollard za London ni nyepesi, sikatai,
lakini magurudumu hung'oka kama meno ya mtoto.
Weissmuth chuma chake chote kiko nyuma,
hukulalia shingoni kama mgeni aliyelewa
asiyetaka kwenda kwao.

"Na funguo hizi," anasema Senga, akifunua kifuniko
juu ya kichwa changu, "ni pembe halisi. Tazama mistari yake."

Natazama. Ni ya njano, kama kucha za mvutaji.
Pembe hiyo nayo ilitoka bara hadi pwani ya kwetu
begani mwa mtu
ambaye naye hakuulizwa.

"Athumani, mkanda!"

Umeteleza inchi moja, haizidi.
Pembe ya chini inagonga jiwe,
na nyuzi zote, mia mbili na ushei, zinalia kwa pamoja,
mlio mnene, wenye vumbi,
unapanda hadi kioo cha paa, unarudi.
Mtoto wa ghorofa ya pili anafungua mlango
na kijiko cha uji mdomoni.

Kimya.

"Umesikia?" anasema Galbraith. "Imeoza."

"Umesikia?" anasema Senga. "Iko hai."

Kisha wananitazama wote wawili, mara ya kwanza tangu asubuhi,
kana kwamba mbavu zangu,
ambamo noti ya chini kabisa bado inavuma,
zingetoa hukumu.

"Tushuke," nasema.

Garini Dougal ananimiminia chai ya chupa,
anataka kujua, kwa maoni yangu, piano ipi bora.
Ile iliyokwisha kushuka, namwambia.
Anacheka hadi chai inamwagika gotini.
Tunakata kona. Barabara ina mashimo,
na kwa kila shimo, huko nyuma, chini ya mablanketi,
ile nayo inasema lake.